Risala ya Wanachama wa Chumba cha Jumatano Kuhusu Diski Sitini na Moja Zilizoonekana Tupu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Ofisi ya Viwango; Mganga Mkuu wa hospitali hii; madaktari, wauguzi, ndugu na jamaa mliotuunga mkono: habari za asubuhi.

Sisi ni watu tuliopasuliwa koo. Risala hii tumeiandika wenyewe, kwa vikao vitatu na madaftari manne, lakini hatuwezi kuisoma. Mwenzetu mmoja tu, dereva wa lori, ana kile kifaa cha kubana shingoni kinachomtolea sauti, naye alijitolea kusoma. Tulimjaribu juzi. Mwenyewe alikiri kwamba anasikika kama redio iliyopoteza stesheni. Kwa hiyo anayesoma ni mke wa mwenyekiti wetu, ambaye kila mtu wa wodi ya pili anaijua sauti yake, apende asipende. Mwenyekiti ameandika pembeni hapa kwamba msomaji asiongeze maneno yake. Msomaji ameliona hilo.

MAKARIBISHO

Karibu sana, mgeni rasmi. Tunajua umekuja kukagua jengo jipya la vipimo, na kwamba chumba chetu hakikuwa kwenye ratiba. Tunakushukuru kwa kukubali kupinda kushoto badala ya kulia. Viti havitoshi, lakini wewe na ujumbe wako mtakaa. Sisi kusimama tumezoea, maana foleni za hospitali zimetulea.

HISTORIA YA CHUMBA CHETU

Chumba hiki kilikuwa stoo ya mashuka. Miaka tisa iliyopita fundi wa mitambo wa hospitali, ambaye sisi tunamwita Bi Taratibu, aliomba apewe. Alikuwa ameona jambo linajirudia. Mgonjwa analetwa, anaambiwa kesho koo linatolewa, analala usiku mmoja, na asubuhi sauti yake imekwenda moja kwa moja. Hakuna aliyemuuliza kama kuna mtu alitaka kumwita kwa jina kabla ya hapo. Bi Taratibu akaleta mashine ya kurekodi diski, maikrofoni moja, na godoro kuukuu alilolitundika ukutani kuzuia kelele za mikokoteni ya chakula.

Jina la Taratibu alilipata kwa haki. Mashine yake inaweza kuandika diski kwa kasi, naye hakubali. Kama umeongea dakika sabini, ataiandika dakika sabini, ameketi, mikono mapajani, anaisikiliza yote. Ukimwambia aharakishe anakujibu, "Wewe sauti yako uliipata kwa siku moja?"

Yeye ndiye aliyetufundisha viwango, mgeni rasmi. Tunakuomba usituone kama watu wanaodharau kazi ya ofisi yako. Mwanachama wetu yeyote atakuandikia, hata ukimwamsha usingizini, kwamba diski ina upana wa sentimita kumi na mbili na tundu la milimita kumi na tano, na kwamba sauti huanza kuandikwa katikati ikielekea ukingoni. Tunajua pia kwamba duniani kote watu walikubaliana hivyo ili diski iliyoandikwa hapa ipigwe sebuleni kwa mtu ambaye hatutamwona maisha yetu yote. Mwalimu wa hesabu, katibu wetu, aliposikia hayo mara ya kwanza aliandika kwenye daftari lake: "Kumbe kuna watu wanakaa vikao ili tusikilizane." Tulilipenda neno hilo.

Na tunajua jambo jingine, ambalo ndilo limetufikisha hapa. Kila diski ina orodha ya yaliyomo. Orodha hiyo hukaa mwanzoni kabisa, karibu na tundu, lakini huandikwa mwisho, siku fundi anapoamua kwamba sasa basi, hakuna cha kuongeza. Hapo ndipo diski inafungwa. Isipofungwa, mashine iliyoiandika itaisoma, maana inajua ilipoishia. Mashine nyingine yoyote itatafuta orodha, itaikosa, na itasema diski ni tupu.

MAFANIKIO

Tumerekodi watu sitini na mmoja. Kumi na tisa wametangulia mbele ya haki. Arobaini na wawili tupo, na wengi wetu tuko mbele yako.

Kila Jumatano saa nne tunakutana hapa na jamaa zetu, Bi Taratibu anaweka diski moja baada ya nyingine, na tunajisikiliza. Mtu asiyewahi kupoteza sauti anaweza kudhani ni jambo la huzuni. Si la huzuni kiasi hicho. Dereva wa lori alirekodi matusi yote aliyowahi kuwatukana madereva wenzake, akaomba radhi mwishoni, na diski yake ndiyo inayoombwa zaidi. Mama wa mwoka mikate, ambaye mwanawe ni miongoni mwa wale kumi na tisa, huja na kiti chake cha kukunja. Anaijua diski ya mwanawe kiasi kwamba anacheka kabla kichekesho hakijafika, halafu anatutazama kuhakikisha na sisi tumekipata.

Haya ndiyo mafanikio yetu. Hatuna jengo wala gari la kukuonyesha.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, mwezi uliopita mkaguzi wako alikuja kuhesabu diski zote za hospitali, ziingizwe kwenye hifadhi kuu. Alifanya kazi yake kwa heshima. Hatuna neno naye. Bi Taratibu hakuwepo, alikwenda kumzika dada yake. Mkaguzi akaweka diski ya kwanza kwenye mashine yake, ikasema tupu. Ya pili, tupu. Aliweka zote sitini na moja. Akaandika ripoti, akabandika karatasi ya lakiri kwenye mashine yetu na kwenye sanduku la diski, na barua ikaja kwamba Ijumaa hii mashine itaondolewa kama chakavu na diski zitapelekwa kusagwa. Leo ni Jumatano.

Bi Taratibu aliporudi aliandika barua mbili. Akajibiwa kwamba hakuna utaratibu wa kusikiliza diski ambayo haijafungwa. Akaandika ya tatu, na hiyo tumepata nakala yake. Inasema: "Kosa ni langu peke yangu. Nilikijua kiwango na sikukifuata."

Hapo ndipo tunapotaka kusema ukweli, maana kosa si lake.

Wa kwanza kurekodiwa kwenye chumba hiki alikuwa mwenyekiti wetu, seremala. Alirekodi jioni moja, dakika sabini. Aliwataja watoto wake mmoja mmoja, aliwaita wateja wake, alipiga mluzi anaoupiga akiranda mbao, na aliongea na mkewe kirefu. Akamaliza. Bi Taratibu akashika kitufe.

"Baba, nifunge?"

"Usifunge kwanza. Nitakuja kuongeza."

"Kesho asubuhi si ndiyo unaingia chumba cha upasuaji?"

"Ndiyo hivyo. Wewe iache."

Bi Taratibu akaiacha. Siku ya sita baada ya upasuaji alikwenda kitandani kwake, seremala akiwa na kitambaa shingoni na daftari kifuani, akamuuliza tena. Seremala aliandika neno moja: "Bado." Basi Bi Taratibu akachukua kalamu ya wino na juu ya kasha la diski akaandika BADO, kwa herufi kubwa, akairudisha kwenye sanduku. Ametueleza kwamba alishindwa kumfungia mtu diski akiwa anamtazama usoni.

Mgonjwa wa pili alisikia habari hiyo, naye akaandika bado. Wa tatu vilevile. Ikawa desturi ya chumba. Ukitoka upasuaji, Bi Taratibu anakuja, anauliza, unaandika bado, anakubali. Tulikuwa tunajua kiwango na tunajua kwamba sauti hazirudi. Madaktari walitueleza vizuri, kwa michoro. Lakini kufunga kulikuwa na maana ya kukubali, na kila mmoja wetu alitaka akubali baadaye kidogo. Bi Taratibu alitupatia hiyo "baadaye". Makasha yote sitini na moja yameandikwa BADO, mgeni rasmi. Mkaguzi wako angesoma makasha, huenda angeuliza.

Jumatano ya kwanza baada ya lakiri tulikuja vilevile. Hatukuwa na pengine pa kwenda saa nne. Tulikaa kuizunguka mashine, mama wa mwoka mikate kwenye kiti chake cha kukunja. Bi Taratibu alituletea chai, akafika mlangoni, akatuona, akashindwa. Alilia mbele yetu. Na sisi, ambao tukilia hatutoi sauti, tulilia naye.

Kisha tukapiga moyo konde. Tuliitisha kikao na kupiga kura kwa maandishi, kila mtu kwenye daftari lake: tufunge au bado? Katibu, mwalimu wa hesabu, aliandika "Funga" wa kwanza, akaligeuza daftari tuone. Wakafuata wengine. Jamaa za wale kumi na tisa walikubali wote, hata mama wa mwoka mikate, ingawa aliomba aitwe wa mwisho. Katika wanachama arobaini na wawili, arobaini na mmoja waliandika funga.

Mmoja aliandika bado. Ni mwenyekiti.

Kikao hakikumwelewa. Mkewe, ambaye mnamwona amesimama hapa, alimsemesha mbele za watu. "Baba watoto, unangoja nini? Miaka tisa! Sauti hairudi, tulishaambiwa, tukalia, tukanyamaza. Unataka hata hiyo iliyobaki wakaisage?" Mwenyekiti alifunga daftari lake akatazama mikono yake. Nyumbani yeye hakuandika wala mkewe hakusema neno siku mbili, na kwa watu hawa wawili hilo ni jambo zito. (Msomaji anathibitisha. Hili si neno la kuongeza, ni ushahidi.)

MAOMBI

Tunaomba mambo mawili.

La kwanza, utoe lakiri kwenye mashine na kwenye sanduku kwa siku tatu tu. Kufunga diski moja ni dakika chache, lakini kila mtu, au jamaa yake, anataka kuisikiliza yake mara moja kabla ya kubonyeza kitufe kwa mkono wake. Mashine hii ndiyo pekee inayozisoma, na za aina yake hazitengenezwi tena. Zikishafungwa, mpe mkaguzi wako azipime upya. Zitakidhi kiwango kuanzia kwenye tundu hadi ukingoni, na kila mtu atakwenda na sauti yake nyumbani.

La pili, Bi Taratibu asiadhibiwe. Kama ni lazima pawe na jina kwenye faili, tumeambatanisha arobaini na mawili.

NYONGEZA

Ukurasa huu haukuwemo jana. Umeandikwa kwa penseli, kwa mwandiko wa mwenyekiti. Juu kabisa ameandika: "Msomaji asisite hapa. Asome tu."

"Mgeni rasmi, mwenyekiti anaomba kueleza kura yake. Hakuandika bado kwa kungoja sauti. Aliijua hali yake kabla ya daktari.

"Diski ile ni ya dakika sabini na nne. Yeye alitumia sabini. Alipokuwa anaongea na mkewe jioni ile, ingawa mkewe hakuwepo chumbani, alimuuliza maswali. Alimuuliza kama atakuwa na nafasi ya kupumzika sasa nyumba ikiwa kimya. Alimuuliza kama anakumbuka kabati la kwanza, lile lililogoma kupita mlangoni. Alimuuliza kama hajutii. Kila alipouliza alinyamaza kidogo, kwa mazoea, kama mtu anayejua atajibiwa. Bi Taratibu aliziacha nafasi zile za kimya zote kama zilivyo.

"Miaka tisa, kila Jumatano, mkewe amekaa hapa akisikiliza, na kila akifika kwenye swali anajibu. Anajibu chinichini akidhani hakuna anayemsikia. Kuhusu kabati huwa anacheka. Kuhusu lile la mwisho, hujibu kwa namna tofauti kila wiki, na mwenyekiti hajawahi kusikia jibu baya. Aliogopa kwamba diski ikifungwa na kupelekwa nyumbani, itawekwa juu ya kabati, na maswali yale hayatajibiwa tena. Ndiyo maana aliandika bado. Hakujua namna ya kuyasema haya kikaoni. Hata kwenye daftari aliona aibu.

"Zimebaki dakika nne. Mwenyekiti anaomba, lakiri ikitoka, kabla ya kitufe, mkewe akae mbele ya maikrofoni naye ajibu. Ajibu kwa sauti, si chinichini. Akimaliza, mwenyekiti atafunga mwenyewe."

Mgeni rasmi, utuwie radhi. Msomaji anaomba maji.

Ahsante.

Tumefika mwisho. Mungu akujalie afya, na akuhifadhie koo lako na la kila unayempenda. Wanaokusubiri nyumbani leo, uwaite kwa majina yao, polepole. Karatasi ya lakiri iko pale, upande wa kushoto wa mashine, na gundi yake si kali.

Ni sisi, wanachama wa Chumba cha Jumatano. Sasa tumeandika wote arobaini na wawili: Funga.