Umeme, Dada Yudithi na Siku Zisizorudi

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Nimesimama hapa nikiwa mzima, na jina langu nalijua. Nalisema hilo kwa furaha, maana kuna asubuhi niliyohangaika kulitafuta.

Ndugu zangu, wengi mnanifahamu kama mtu asiyetulia mahali. Shule niliiacha darasa la tatu, nikaenda kuona dunia inavyofanya kazi. Serikali ilipofungua milango ya biashara kwa kila mtu, nilinunua karanga Haneti, nikauza mitumba Ihumwa, nikavua samaki Mtera. Kila nilipofika niliuliza maswali mpaka watu wakanikimbia!

Halafu, nikiwa bado kijana, hamu ile ya kuona na kuuliza ikazimika. Sikuumwa kichwa wala tumbo. Nililala nikiangalia ukuta, ugali ukipoa pembeni, nikatamani kufa. Dada yangu Yudithi, aliyenilea, akanipeleka mjini kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Watu walimwambia kutiwa umeme kichwani ni kazi ya shetani. Aliomba, akafunga mzigo, tukaondoka.

Daktari alikuwa kijana mpole. Nilichomwa sindano ya usingizi, nikapitishiwa umeme. Baada ya siku chache tena, na tena. Ndugu zangu, nikaanza kula! Nikaanza kumsumbua muuguzi anieleze dripu inajuaje kudondoka polepole! Lakini kichwani kulikuwa na ukungu; asubuhi moja niliamka hata jina langu silipati. Daktari akaja kunipima kumbukumbu: toa saba kwenye mia, endelea kushuka, taja miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma. Nikashindwa yote. Akaniangalia kwa huzuni, akasema huenda tiba ikabidi isimame.

Dada Yudithi akacheka mpaka kitenge kikamfunguka.

"Daktari wangu, huyu hata kabla ya umeme angekuuliza hizo saba unampelekea nani! Muulize njia."

Daktari naye akacheka, akavuta kiti. "Haya kaka, nina gunia la karanga Haneti, nalitaka Mtera. Nifanyeje?"

Nikamweleza! Apande lori gani, mjini ashukie wapi, barabara ya Iringa asubiri upande gani wenye kivuli, na mama gani asinunue kwake chai. Nilisema mpaka mate yakakauka.

"Na safari yako ya mwisho," akauliza taratibu, "ulirudije kutoka Mtera?"

Nikaitafuta safari ile kichwani. Hakuna kitu. Msimu mzima wa mvua haukuwepo.

Daktari hakunificha. Alisema ya zamani yamesalimika, ila ya karibuni umeme umeyagusa. Mengine yatarudi, mengine huenda yasirudi. Tungeweza kuacha, au kuendelea kwa kuachanisha siku zaidi, naye angekuwa ananipima kwa njia na masoko, "maana hiyo ndiyo shule yako."

Niliogopa, ndugu zangu. Mali yangu yote ni yale niliyoyaona! Nikamwambia dada turudi nyumbani. Akanishika masikio yote mawili kama mtoto.

"Utakachosahau nitakusimulia, baba. Ukifa, nitamsimulia nani?"

Bwana alisema nami kwa kinywa kile! Nikakubali kuendelea, na ukuta ule sikuutazama tena.

Ukungu uliondoka kidogo kidogo. Msimu ule wa mvua haujarudi mpaka leo. Dada hunisimulia tukimenya karanga, na najua anaongeza chumvi. Anasema nilivua kambare mkubwa kuliko mtumbwi. Nikibisha, ananiuliza, "Kwani ulikuwepo?"

Namshukuru Mungu kwa daktari aliyekubali kuuliza upya, na kwa dada huyu aliyekaa hapo mbele akijifanya hanisikii. Kama nyumbani kwako kuna kijana aliyegeukia ukuta, usimfiche! Mwombee, mpeleke hospitali, na asiende peke yake. Aende na mtu anayemjua, atakayemwambia daktari kijana huyo alivyokuwa kabla ya kuugua. Mtumainini Bwana. Mimi siku zangu zote hakunirudishia, lakini amenirudishia hamu ya kesho. Na kesho, ndugu zangu, naondoka na lori la asubuhi kwenda Haneti. Nina maswali mengi!