Mama Uzi na Bango Lililokataa Kushuka

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Uzi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1969, mtoto wa tatu wa mwashi na muuza maziwa. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, akaishia darasa la saba. Akili alikuwa nazo; ila cherehani ya shangazi yake ilimvuta kuliko ubao.

Mwaka 1988 alifungua chumba cha kushonea karibu na kituo cha mabasi. Ukimpelekea gauni la mtu mwingine alipunguze, alikurudishia na kuuliza, "Mwenye mwili yuko wapi?" Mumewe, fundi bomba aliyefunga naye ndoa tarehe 13 Juni 1992, aliwahi kutaka mama yake ashonewe gauni bila mwenyewe kujua. Alitimuliwa na kitambaa chake mkononi, aende akamlete mama.

Mwaka 2015 aliugua saratani ya titi, akatibiwa, akapata nafuu. Watu wa kampeni ya uhamasishaji wakamwomba azungumze na wagonjwa wa kliniki. Alikubali: wanawake wale tu, chumba kile tu, basi. Wakapiga picha. Haukupita muda, sura yake ikawa kwenye bango ukutani mwa kliniki, mabasini na kwenye fulana, pamoja na maneno ambayo hakuyasema: "Sikuogopa. Nilishinda." Mama Uzi aliogopa hadi meno yakamgongana, na hakuona haya kulisema hilo.

Mwaka 2022 ugonjwa ulirudi. Akawa anasubiri daktari kwenye benchi, chini ya bango lake mwenyewe. Wanawake walimtazama yeye, wakatazama bango, wakainamisha macho. Alimwambia mmoja wao, "Yule wa ukutani keshapona, bibie. Anayeumwa ni mimi."

Aliomba bango litolewe. Watu wa kampeni wakamjibu, "Mama, linatia watu moyo. Tukilitoa watakata tamaa." Aliomba tena na tena. Wale waliomwita shujaa hawakumpigia hata simu ya pole. Utamu ulipoisha, walimtupa kama ganda la muwa. Tuna hasira, na hatutaifunika kwa maneno matamu ya msibani. Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 6 Mei 2025, mumewe akiwa amemshika mkono. Bango bado liko ukutani.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na mdogo wake wa kike anayewasomea haya.

Ratiba hii ya mazishi mliyoshika haina picha yake, kwa sababu hakutaka. Juzi watu wa kampeni walipoomba kuja na kamera, binti yake mkubwa aliwauliza, "Mwenye mwili yuko wapi?"

Yuko hapa, mbele yetu. Asiguswe tena. Apumzike sasa, kwa amani ile waliyomnyima.