Bastola ya Bi Arvilla

Wewe ukishafyatua risasi, huwa unajiuliza imekwenda kulala wapi? Fikiri kabla ya kunijibu. Pale Pennick, kimji cha vilimani Pennsylvania ambako watoto hujua kulenga kopo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu, swali hilo halikuwahi kuulizwa kwa sauti mpaka wiki ile. Kijiwe cha Pennick ni benchi la nje ya duka la chakula cha mifugo, na kahawa yake hutoka kwenye chupa kubwa ambayo mwenye duka huijaza asubuhi, kisha huiacha ijitetee yenyewe. Wiki ile benchi lilikuwa limehama. Wenyewe walilisukuma nyuma ya rundo la matofali ya chumvi ya ng'ombe, wakajibanza humo watu wazima watatu kama kuku waliomwona mwewe, huku kila mmoja akidai amekaa pale kwa sababu ya upepo.

Watatu hao ni Kanali, ambaye jeshini alikuwa mpishi. Dokta, ambaye udaktari wake wote ni kuhasi mbuzi. Na Bi Arvilla Stauffer, mjane, waliyemwita Breki kwa kuwa aliendesha basi la shule miaka mingi, theluji kwa jua, bila kugusa hata kibao cha barabarani.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Jumapili mchana risasi ilitoboa dirisha la jikoni kwa Darcy Huffnagle, ikapita juu ya kichwa cha mwanawe aliyekuwa kwenye kiti chake kirefu akipaka uji usoni, ikajikita kwenye mlango wa kabati. Ilikuwa ndogo, ya kipimo cha ishirini na mbili, ile ambayo kila nyumba ya Pennick inayo droo nzima. Mlio hakuusikia mtu. Tangu siku hiyo nguo hazianikwi nje, mbwa wanajisaidia barazani, na Darcy anamlaza mtoto kwenye hodhi la kuogea kwa kuwa ni la chuma.

— Mimi nasema ni mwindaji, alisema Kanali. Mjinga mmoja wa mjini kaona kulungu.

— Kulungu msimu huu? Dokta alimcheka. Na kwa risasi ya ishirini na mbili? We mzee, ule uji uliokuwa unawapikia wanajeshi umekupanda kichwani.

— Basi sema wewe, Dokta wa mbuzi.

— Ni Trent.

Breki alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili. Alikiweka chini, miguuni.

— Trent gani? aliuliza, ingawa Pennick nzima ina Trent mmoja, yule aliyeachana na Darcy majira ya baridi, akaondoka kwa kelele nyingi.

— Trent huyo huyo. Kapanda juu ya mti. Kafunga kizuia sauti. Ndiyo maana hatukusikia kitu.

— Trent anaogopa ngazi, Dokta. Alikuja kunitengenezea paa, akaishia kuishikilia ngazi chini.

— Anajifanya! Huo ndio ujanja wenyewe! Mtu anajifanya mwoga miaka mitano ili siku moja apande mti.

— Mti gani? Kanali aliingilia. Ng'ambo ya nyumba ile hakuna mti unaotazama jikoni. Mimi nimepima kwa macho. Ile risasi imetoka juu. Ndege zile zisizo na rubani, bwana we. Zinapita usiku zinapiga picha, mchana zinajaribu shabaha. Na sisi ndio kopo.

Wote wakatazama juu. Mawingu yalikuwa yamekaa kimya, na kimya hicho hakikumpendeza hata mmoja wao.

Breki hakuogopa ndege wala Trent. Alichokiogopa kilikuwa nyumbani kwake, ndani ya kopo la unga. Kilikuwa kibastola kidogo cha komeo, cha risasi moja moja, alichoshinda kwenye bahati nasibu ya jumba la zimamoto. Jina lake lilipotajwa, ukumbi mzima ulicheka. Wanaume waliotamani bunduki ya kulungu walisema afadhali kichezeo kile kimemwangukia mwanamke. Yeye alikipenda. Unavuta komeo nyuma, unatia risasi nyembamba kwa vidole, unasukuma komeo mbele, unalilaza, kisha unavuta kitasa cha nyuma ndipo kiwe tayari. Kwa mtu aliyezoea kutazama vioo vyote kabla ya kuliondoa basi, ule ulikuwa utaratibu wa maana. Makopo yake aliyapanga mbele ya ukingo wa udongo, na udongo ulizimeza risasi zote, hakuna hata moja iliyotoroka.

Jumapili ile kobe mkubwa wa majini alikuwa anawavuta vifaranga wa bata chini ya bwawa la Breki, mmoja baada ya mwingine. Breki alitoka na bastola. Alivuta komeo, akatia risasi, akasukuma, akalilaza, akavuta kitasa. Hatua zote alizifuata, ila alisahau kwamba nyuma ya kobe hakukuwa na udongo. Kulikuwa na maji. Hakuna mtu wa vilima vile asiyejua kwamba maji hayapigwi risasi, maana huidundisha ikaruka mbali, na hakuna aliyewahi kuwa na bwawa na kobe asiyeyapiga. Aliona mchirizi mwembamba juu ya maji, kama wa kijiwe kilichorushwa na mtoto, kisha akasikia mvumo kama wa nyuki mwenye hasira ukipanda, ukipanda, ukivuka kilima. Kobe alizama bila haraka. Upande wa pili wa kilima kuna nyumba moja tu.

Naibu wa sherifu, yaani polisi wa wilaya, alipopita nyumba kwa nyumba, kwa Breki alikunywa chai, akauliza juu ya bunduki ya marehemu mume wake, akaambiwa iliuzwa.

— Kuna ile bastola ya bahati nasibu, Breki alimwambia.

— Ile? Naibu alicheka mpaka chai ikamwingia puani. Bi Arvilla, ile haiui hata nzi.

Akaaga. Na Breki, Mungu amsamehe, alimwacha aende.

Sasa nje ya duka pikapu ilisimama, na dereva akaufunga mlango wa nyuma kwa kishindo. Kanali alijitupa chini. Dokta alijitupa juu ya Kanali. Kahawa iliruka na vikombe vyake. Kwa muda kilichosikika nyuma ya chumvi ni pumzi za wazee wawili na kokoto zikisagwa.

— Toka juu yangu, tembo we!

— Nakukinga, mpumbavu!

Walipoinua vichwa walimkuta Breki amekaa vilevile, mgongo wima, kikombe miguuni hakijamwagika.

— Hebu mwone, Dokta alisema, akijipangusa magoti. Hakupepesa hata jicho. Huyu ndiye mwanamume pekee hapa.

— Breki, ungekuwa jeshini ungepewa nishani, alisema Kanali. Mimi ningekupikia mwenyewe.

Breki alijaribu kucheka. Mtu asiyeogopa risasi ni yule anayejua hakuna nyingine inayokuja, lakini hilo hawakulifikiria. Moyo wake ulikuwa umekwishakimbilia mbali zaidi: kwenye gari la naibu, kwenye jina lake likisomwa mbele ya watu, kwenye wazazi waliomkabidhi watoto wao kila asubuhi wakisikia mama huyu alikaribia kuua mtoto kwa ajili ya bata.

— Tukishakula mchana tunakwenda kwa Trent, Dokta alisema, na safari hii hakutania. Mimi, Kanali, na wanangu wawili. Tunaongea naye tu.

— Mnakwenda na nini? aliuliza Breki.

— Kwani mtu anakwenda kwa Trent mikono mitupu?

— Na yeye atawapokea mikono mitupu?

Kanali aliukagua upindo wa suruali yake.

— Dokta, Breki alisema, sauti ikimpungua, kama si yeye je?

— Kama si yeye, nani? Nitajie mtu.

Breki aliinama, akakisogeza kikombe chake pembeni.

Ndipo Darcy alipotokea kona ya duka, mtoto amembeba kiunoni, macho mekundu ya mtu asiyelala. Alikuwa anatafuta maboksi matupu.

— Ya nini, binti? Kanali aliuliza.

— Nahamia Ohio kwa dada yangu. Leo. Siwezi tena kumlaza mtoto kwenye hodhi.

— Usihame! Dokta alisimama. Hiyo kazi tunaimaliza leo leo.

— Kumaliza nini? Darcy aliwatazama mmoja mmoja, wazee wenye kahawa suruali nzima, wamejificha nyuma ya chumvi. Nyinyi mmezaliwa na bunduki mikononi. Mimi nina swali moja tu, na naibu kashindwa kunijibu. Aliyefyatua, alikuwa ananilenga?

Kanali, aliyekuwa na ndege angani, alianza kufuta kahawa surualini. Dokta, aliyekuwa na mti na kizuia sauti, aliinama kuokota vikombe. Mtoto alinyoosha mkono kwenye tofali la chumvi, akaulamba mkono wake, akakunja uso.

— Maana kama alinilenga, Darcy alisema, hata Ohio si mbali. Atakuja.

Darcy huyu, Breki alimpandisha basini akiwa hana meno mawili ya mbele, akikaa kiti cha kwanza kwa kuogopa wakubwa.

— Hakuna aliyekulenga, Darcy.

— Ahsante, Bi Arvilla. Najua unanifariji.

— Sikufariji.

— Basi umejuaje?

Dokta aligeuka. Kanali aligeuka. Breki aliinuka kwenye benchi, akatoka nyuma ya chumvi, akasimama mbele ya yule msichana mahali ambapo hakuwa na kitu cha kushika.

— Kwa sababu aliyefyatua ni mimi.