Raili Tiittanen na Bibi Aliyerudi Nyuma Mpaka Ziwani

Baada ya miaka ishirini na sita na miezi minne ya kuzitafuta kasoro zetu, Bi Raili Tiittanen, Mjaribu Mkuu wa Michezo katika studio yetu ya Kelopuu hapa Kajaani, mji wetu wa kaskazini kwenye theluji, anastaafu rasmi leo, tarehe 31 Mei. Nimeombwa niandike haya machache kwa niaba ya wafanyakazi wote ishirini na watatu. Naomba radhi mapema kwa lolote nitakalolisahau, na zaidi kwa lile nitakalolikumbuka ambalo yeye angependa lisahaulike.

Bi Raili aliajiriwa wakati studio ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la viatu. Kazi yake ilikuwa kuucheza kila mchezo wa kompyuta tuliobuni kabla haujamfikia mnunuzi, kisha kueleza bila kificho uzuri wake na ubovu wake. Uzuri aliuandika kwa wino wa kijani, ubovu kwa wino mwekundu. Kalamu nyekundu tulizinunua kwa boksi.

Hata hivyo alisifu palipostahili sifa. Theluji ya michezo yetu aliiita bora kuliko iliyo nje ya dirisha, kwa sababu yetu haihitaji koleo. Marehemu mke wangu, ambaye hakuwahi kucheza mchezo wowote, alikuwa akiomba awashiwe ule wetu wa kwanza ili aitazame tu ikianguka. Mlio wa buti juu ya barafu, moshi wa jiko la kuni, mbwa anayejikung'uta maji: hayo Kelopuu tunayaweza. Tusiyoyaweza, kwa mujibu wa Bi Raili, ni ngazi, ramani, farasi na binadamu. Mchezo wetu wa uvuvi ulimtaka mchezaji angoje dakika arobaini kamili kabla samaki hajagusa ndoano. Wabunifu waliuita huo uhalisia. Yeye aliandika: "Uhalisia huu mume wangu anaupata kila Jumamosi, na hurudi nyumbani amenuna."

Naomba niruhusiwe kukieleza kisa cha mwaka huu kwa urefu kidogo, kwa kuwa nusura kitukoseshe ajira sote. Michezo yetu miwili iliyotangulia haikununuliwa. Ilieleweka kwamba wa tatu, uitwao "Baridi Ndefu", ukishindwa nao, Kelopuu itafungwa. Na kwa desturi yetu, hakuna mchezo unaotoka bila sahihi ya Bi Raili.

Katika mchezo huo, mchezaji hana budi kuzungumza na bibi mmoja muuza kuni, la sivyo ataganda. Lakini kila alipokaribiwa, bibi huyo alirudi nyuma hatua mbili. Akifuatwa, alirudi tena, kwa utulivu, macho chini, mpaka akaingia ziwani na kuzama. Wabunifu waliutazama mchezo huo kwa miezi kumi na minane bila kuona tatizo, maana hakuna hata mmoja wao ambaye angemsogelea bibi asiyemfahamu. Bi Raili, ambaye wazazi wake walikuwa Wakarelia, watu wa mashariki wanaosifika kwa uchangamfu, na ambaye huzungumza hata na watu wa foleni ya benki, aliligundua kwa dakika nne.

"Veijo, huyu bibi ana nini?" alimuuliza Veijo Moilanen, mbunifu wetu mkuu.

"Hana kitu. Anampa mwenzake nafasi. Adabu tu."

"Adabu gani ya kuingia ziwani kinyumenyume, we Veijo?"

"Sasa unataka asimame karibu kiasi gani?"

Swali hilo liliwashinda. Kwa wiki tatu walipimana kwa futi ya fundi kwenye foleni ya kahawa. Walipomsogeza bibi, wajaribu wengine wakalalamika kwamba anatisha. Hatimaye Veijo akamsihi Bi Raili atie sahihi tu, kwa vile pensheni yake haikuwa hatarini.

"Mimi niko salama, ninyi hamko salama," alijibu. "Ndiyo maana sitii sahihi."

Sasa naomba radhi kwa kutaja mambo ya kuoga katika waraka wa heshima. Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu, mchana, tulikwenda sauna ya studio kama kawaida, yaani chumba cha kuogea mvuke ambamo maji humwagwa juu ya mawe ya moto, wanaume upande wao na wanawake wao, ukuta wa mbao katikati. Veijo, ambaye ofisini husema maneno tisa kwa siku, alikuwa amebanana bega kwa bega na wabunifu wanne, jasho likimtiririka, akieleza bila kukoma jinsi anavyoogopa kuifunga studio, na jinsi alivyokosea kuhusu farasi. Ghafla ukuta ukagongwa.

"Veijo! Unajisikia unavyosema lakini?"

"Nani huyo?"

"Nani tena, Raili! Mwezi mzima nakuuliza, unanigunia tu. Humo ndani umekuwa redio! Mpelekeni yule bibi sauna, jamani!"

Veijo akasema, "Aisee," akatoka mbio bila taulo, jambo ambalo mhasibu wetu ameniomba nisiliandike.

Tangu hapo, mchezaji wa "Baridi Ndefu" hutumia kuni zake za mwisho kuwasha sauna. Wanakijiji huja mmoja mmoja, hukaa naye benchi moja, na huzungumza mpaka maji ya ndoo yaishe. Nje bado wanarudi nyuma. Hilo Bi Raili aliliandika kwa wino wa kijani.

Alhamisi iliyopita alijifungia chumbani na kuucheza mchezo wote, sisi tukingoja kwenye ngazi kama jamaa za mgonjwa. Saa tisa alasiri alitoka na karatasi. Ilikuwa na kasoro arobaini na moja, na chini yake, sahihi. Veijo akauliza kwa sauti ndogo kwa nini amekubali.

"Hizo haziui mtu," alisema. "Kazirekebisheni. Mnajua sasa pa kuzungumzia."

Mchezo uliingia sokoni jioni hiyo, na kasoro hizo tunaendelea kuzirekebisha. Kama utanunuliwa hatujui. Kama ulistahili kutoka, tunajua.

Bi Raili, huu ni waraka wa kwanza wa Kelopuu kutoka bila kupita mikononi mwako. Makosa yaliyomo ni yangu, nami nayaombea radhi. Ukiyaona, tafadhali usituhurumie, tuandikie. Tunakushukuru kwa kutotudanganya hata siku moja. Afya njema, kahawa ya moto na asubuhi zisizo na haraka viwe vyako, wewe na wako wote.