Mkono Mwepesi na Mishipa Iliyokataa Kulegea

Ndugu waombolezaji, majirani, na wewe Profesa uliyeketi safu ya pili, dada yetu, ambaye kazini walimwita Mkono Mwepesi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshonaji, na ni kwenye meza ya baba, akishika springi ndogo kwa kibano, ndipo alipojifunza kutokuwa na pupa.

Alimaliza sekondari mwaka 1976, akasomea ufundi wa maabara, na tarehe 2 Julai 1979 akaajiriwa kwa Profesa, ghorofa ya chini ya hospitali, kazi yake ikiwa kutundika vipande vya mishipa ya damu, vilivyotolewa kwa ridhaa ya waliopasuliwa, ndani ya maji ya chumvi yenye uvuguvugu, kuvidondoshea histamini, kemikali ya mwilini inayogusa mishipa, na kutazama kalamu ya mashine ikipanda mshipa ukikaza, ikishuka ukilegea. Tarehe 12 Desemba 1981 aliolewa na dereva wa lori, mtu wa vichekesho, wakajaliwa binti na mwana, wote wapo hapa.

Mwaka 1986 vipande vya Profesa vilikaza, naye akatangaza kwamba histamini hailegezi mshipa wa binadamu, lakini dada aliona kwamba bwana mkubwa alivikwangua ndani kwa kibano, akiondoa utando laini wenye vipokezi vinavyopokea histamini na kuuagiza msuli ulegee, na kwa miezi saba akathibitisha kwamba vipo vipokezi vya aina ya pili, kwenye msuli wenyewe, vinavyoulegeza pia ingawa kwa nguvu ndogo, hivyo dawa ya kuzuia aina moja haitoshi kuuzuia usilegee. Alipompelekea daftari alijibiwa, "Mama, umeajiriwa kuosha vyombo, siyo kufikiri," na tarehe 4 Mei 1988 kazi ile ya daftari ikachapishwa kwa jina moja, lako Profesa, dada akishukuriwa mwishoni kwa usafi wa vyombo.

Hakulia, alisubiri. Tarehe 17 Oktoba 1990 wageni wa kamati ya tuzo uliyoiombea makala ile waliomba kuona kwa macho, ukatundika kipande mwenyewe, ukakwangua kama kawaida yako, kalamu ikapanda, ukasema maji yana hitilafu, dada akatundika chake katika maji yale yale, kalamu ikashuka taratibu, na mgeni mmoja alipomuuliza siri ni nini, akafuta mikono, akajibu, "Muulizeni mwenye makala." Ulitoa jasho, tuzo ikapita mbali, na wiki iliyofuata ukamhamishia stoo, alikokaa miaka ishirini na mitatu hadi kustaafu, na hatufichi, alikuwa akicheka peke yake kila alipokumbuka.

Alianza kuugua moyo Februari 2019, akafariki tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake, baada ya kutuagiza tusome haya pamoja na tarehe zote. Daftari zake saba tumezikabidhi kwa baraza la chuo, nalo linakuita wewe, Profesa, Jumatatu saa tatu asubuhi, barua yako ya wito anayo mwana wa dada, pale mlangoni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake waliotunza daftari hizo walipoambiwa wazichome.

Lala salama, dada yetu, sisi bado tuko macho.