Kikombe cha Mgeni

Ukitoka lango la hospitali hapa Msambweni, ukavuka barabara, utakuta benchi la mbao lenye mguu mmoja wa tofali. Hapo ndipo Swabir huweka dele lake la kahawa kila baada ya sala ya alasiri, na hapo ndipo sisi huitibu dunia nzima bila cheti. Kila akaaye hapa hupewa jina. Fondo tunamwita Daktari, kwa kuwa alifagia wodi miaka kumi na minane. Garama ni Meli. Alikuwa akifunga kamba kwenye feri ya Likoni, na kuhusu maji humwambii kitu. Elijah wa bodaboda, aliyetoka bara juzijuzi, ni Mbara. Mimi ni Karani, kwa sababu ya miwani tu. Hata paka wa hapa ana jina, Mheshimiwa. Asiye na jina ni mmoja: binti yake Swabir, aliyezaliwa siku kumi na moja zilizopita, mimba ikiwa na wiki ishirini na nane, uzito gramu mia tisa. Yumo ng'ambo hiyo ya barabara. Mamake, Twaiba, alipasuliwa, na mpaka leo homa haijamwachia. Tangu siku hiyo Swabir akifika humimina kikombe cha kwanza, akakiweka pembeni mwa benchi, asikiguse mtu. Sisi tunakiita cha mgeni.

Daktari: Mbona mmenyamaza kama mliofiwa?

Karani: Astaghfirullah! Chunga ulimi.

Daktari: Haya, ulimi hauna mfupa. Swabir, leo wamesemaje?

Swabir: Yu vilevile. Mapafu hayajakomaa, kila akitoa pumzi yanagandana. Wamemtia mirija puani, imeungwa na chupa ya maji. Chupa ikitoa mapovu, ndiyo pumzi inaingia.

Daktari: Si niliwaambia? Nazi ina daraja zake: kitale, dafu, koroma, ndipo iwe nazi. Huyu amechumwa kitale. Na wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Ndiyo maana mapafu yamejikunja.

Karani: Methali hiyo ni ya malezi, Daktari.

Daktari: Kwani huyo halelewi?

Mbara: Wazee, niwaambie kitu. Hiyo ni kama tyubu, manze. Tyubu mpya imeshikana ndani. Hauwezi kupiga upepo wote mara moja, itapasuka. Unaweka kidogo kidogo, na pampu hautoi.

Huudhi sana mtu wa juzi akisema la maana mbele ya wazee.

Meli: Mapovu nayajua mimi. Mtoto yule hajui kama ametoka majini. Dawa yake ni Funzi. Apelekwe kule kisiwani kusiko na vumbi, ausikie mkondo ukigeuka, mwenyewe atapumua. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Mbara: Sasa hapo mwenyeji ni nani?

Meli: Wewe kunywa kahawa yako.

Swabir alikuwa akipuliza makaa. Alisema bila kuinua uso.

Swabir: Kuna na jambo jingine. Nesi Cynthia asema mtoto husahau kupumua. Hutulia tu, rangi ikampotea, mashine ikalia, wamguse wayo ndipo akumbuke. Basi wampa dawa ya kumkumbusha. Nikauliza, dawa gani? Akaniambia kafeini. Ile ile iliyomo kwenye kahawa.

Benchi nusura liangushe tofali lake.

Daktari: Dawa ya moto ni moto! Baba muuza kahawa, mtoto atibiwa kwa kahawa!

Meli: Sasa wahangaikia nini dawa za chupa, na dele hili hapa?

Swabir: Nilimpelekea.

Karani: Ulimpelekea nani?

Swabir: Nesi. Nilijaza chupa ya chai. Nikamwambia kahawa yangu naitwanga mwenyewe, na hiyo sikuitia tangawizi. Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akanishika mkono. Akasema, "Yetu hupimwa kwa tone, baba. Yako ingemuua."

Meli: Basi asinywe, anuse! Dirisha lao ni la tatu kutoka kwenye tangi la maji. Tutafute mpira wa kumwagilia bustani, upande huu tuufunge kwenye mdomo wa dele...

Daktari: Mvuke utapoa njiani. Heri tuhamishe benchi lenyewe, tuketi chini ya dirisha, tukaange buni. Wodi nzima itapumua!

Meli: Watakuwa macho mpaka Ramadhani!

Hata Swabir alicheka. Kisha akakitazama kile kikombe pembeni, kicheko kikamwisha. Mimi si mtu wa subira, nikamuuliza lililonikaa kooni.

Karani: Na dawa yako wewe, umeipeleka?

Alijua nasema nini. Yule nesi alivuka barabara mwenyewe, sote tukimsikia, akamwambia: Twaiba bado hawezi, njoo wewe. Unawe kwa sabuni, uvue shati, tumlaze kifuani pako, ngozi kwa ngozi. Mtoto akiwa hapo hupata joto, na pumzi yake hutulia. Hata ile mirija haizuii. Swabir akaitika, "Naja." Leo ni siku ya tatu.

Swabir: Mikono yangu ya makaa hii.

Karani: Sabuni ipo.

Daktari: Mwacheni. Mwanamume hana kazi na mtoto kabla ya arobaini. Haraka haraka haina baraka, si mwamwona mtoto mwenyewe?

Hakuna aliyecheka. Daktari mwenyewe aliinamia kikombe chake.

Swabir: Mama yangu asema nisimpe jina mpaka ionekane kama atakaa. Siku yake ya saba imepita, sikumnyoa, sikuchinja. Kitandani pake wameandika Mtoto wa Twaiba. Nimemwona mara moja, nyuma ya kioo. Kiganja chake ni kama ukucha wangu wa gumba. Namtamani, Karani. Nikilala kifua chaniuma pale pale ambapo angelala. Lakini nikimshika nitamzoea. Nikishamzoea, kisha aondoke, dele hili nitalibeba vipi?

Methali zote zilitukimbia. Tulikuwa bado tumeinama alipovuka bibi mmoja mwenye leso mbili, akitoka hospitalini. Tulimwamkia, akaitika marahaba, tukampisha akaketi.

Bibi: Mimi ni Kahaso, natoka Kinango. Nina mjukuu mle ndani. Tangu asubuhi sijatia kitu kinywani. Nipatieni kahawa, wanangu.

Swabir aliinamisha dele. Yalitoka machicha tu. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Bibi: Na hicho hapo?

Meli: Hicho kina mwenyewe, bibi.

Bibi: Yuko wapi?

Daktari alionyesha ng'ambo kwa kidevu.

Bibi: Basi si mbali. Anaitwa nani, nimwombe?

Daktari alimtazama Meli. Meli alimtazama Mbara. Mimi nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Sisi hao, tuliompa jina hata paka.

Swabir alisimama. Alichukua kipande cha sabuni kwenye ndoo ya kuoshea vikombe, akamwashiria Mbara amimine maji. Alinawa mpaka viwikoni. Akarudia. Akasugua kucha moja moja, maji yakatoka meusi, kisha ya kijivu, kisha meupe. Akashika barabara, na alipofika katikati akageuka, tuktuk ikimpigia honi.

Swabir: Esha! Anaitwa Esha! Kunywa, bibi, amekupa!

Bibi alikishika kikombe kwa mikono miwili, akasema bismillahi. Kahawa ilikuwa imepoa zamani, lakini aliinywa yote. Sisi tulikuwa tukimtazama Swabir. Alianza kufungua vifungo vya shati kabla hajafika langoni.