Kinoo cha Kijivu

Sogezeni hicho kigoda, wanangu, kaeni hapa karibu na kitanda, wewe mama, binti yangu, mkono wangu wa kulia na wewe Chapuchapu upande wa dirisha, ili sauti ikiniishia mnisome midomo. Na duka lifungeni, wateja waambieni mzee ana neno na watoto wake, warudi kesho, ndevu hazimkimbii mtu. Nimewanyoa watu wa mtaa huu miaka hamsini na mmoja, wakanieleza ya wake zao na ya mabosi wao huku nimewawekea chuma kooni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mimi nina nini moyoni. Leo nitasema bila kuulizwa. Msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kwenda, si ya kwenda na kurudi.

Nianze na mali, kwa kuwa nawaona mmeshaanza kutazamana. Duka ni lenu wote wawili, asiuze mmoja bila mwenzake. Kiti cha dirishani ni cha binti yangu, kwa sababu mkono wake umetulia. Cha ukutani ni chako Chapuchapu, na usininunie, wewe una mdomo wa kuvuta wateja na yeye hana, kwa hiyo mtahitajiana mtake msitake. Nyembe za mkunjo zilizomo kwenye droo mgawane, isipokuwa ule uliofungwa kitambaa cheupe. Huo si wangu.

Sasa vinoo, ambavyo vimewafanya msisalimiane wiki mbili nzima kama wake wenza. Chapuchapu, jiwe lako la dukani, lenye upande mwekundu na upande mweupe, nimelitukana tangu siku uliyolileta. Linakula chuma upesi, na wewe unapenda upesi, halafu unamalizia kwa ule upande mweupe mpaka wembe unang'aa ujione meno, unafurahi. Usidanganywe na mng'ao. Ukisugua kupita kiasi makali yanakuwa membamba kama utando, yananyoa shavu moja vizuri, na kwenye shavu la pili yanabomoka. Na wewe mama, kinoo cheusi cha babu yenu unakipenda mno. Kweli hakuna jiwe linalotoa makali matamu kama lile, maji kidogo, wembe umelala mgongo na makali pamoja, na ukigeuza ugeuze kwa mgongo. Lakini lile ni jiwe la kumalizia. Wembe wenye pengo ukiupeleka kwenye kinoo cheusi utasugua mpaka ndoa ikupite, na pengo litakuwa palepale. Kila mmoja wenu ana nusu ya haki, ndiyo maana mnagombana kwa sauti kubwa hivyo.

Lakini kuna jiwe la tatu. Mmeniuliza mara ngapi ndani ya lile kopo la bati lenye kufuli kuna nini, nami nikawajibu dawa za panya. Kuna kinoo cha kijivu. Tulirithi mawe mawili, hilo na jeusi, mimi na kaka yangu, baba yenu mkubwa ambaye hamkumjua, na ambaye niliwaambia alihama kwa sababu ya pombe. Alikuwa hanywi. Hata soda ilimpa kiungulia.

Tulinyoa pamoja, chumba hikihiki cha mbele, viti hivihivi. Watu walikuwa wanamsubiri yeye. Wanakaa kwenye benchi, kiti changu kitupu, mimi nimesimama na kitambaa mkononi, nasema karibu, wananiambia ahsante, tunamngoja kaka yako. Mnajua inavyokuwa, kuambiwa ahsante namna ile kila siku, miaka saba? Kazi ya kunoa asubuhi ilikuwa yangu, nyembe zake na zangu. Na kinoo cha kijivu, kadiri kilivyokuwa kinalika, kilitokeza chembe moja ngumu, ndogo kuliko punje ya chumvi. Huioni kwa jicho, ila wembe ukipita juu yake unalia, kri, kilio kidogo tu, na makali yanabaki na pengo. Nilikisikia kilio kile. Nilikijua. Siku hiyo nikachukua cheusi nikanoa wembe wangu, nikachukua cha kijivu nikanoa wa kaka, ukalia, nami nikaendelea.

Sikutaka mtu afe. Nilitaka wembe wake uvute ndevu, mteja mmoja apige kelele, mmoja tu ahamie kiti changu. Kaka aliukunjua akaupitisha kwenye kucha ya dole gumba, akasita. Akaniuliza, "Umenoa kwa jiwe gani?" Nikamwambia, "Jeusi." Akaniamini, kwa nini asiniamini? Mteja wa kwanza alikuwa fundi saa wa ile kona, mwanamume mpole, mkewe mjamzito. Wembe ulikwama chini ya taya, kaka akashtuka, ukaingia. Jeraha halikuwa kubwa, walilifuta, wakacheka. Siku ya tatu shingo ilivimba. Siku ya tisa tulimzika.

Mtaa ulisema kinyozi ana mkono wa mauti. Watu wakawa wanavuka barabara wasipite mlangoni kwetu, na kaka akakaa kwenye kiti chake wiki nzima akiitazama mikono yake, hivi, akiigeuza. Kisha akafungasha. Alichukua wembe ule mmoja tu. Pale mlangoni aliniangalia kwa muda mrefu, nami nikajishughulisha kufagia. Alipoondoka wateja walirudi, wakakaa kiti changu. Wanangu, mlilishwa na kiti kile. Viatu vya shule, godoro mlilolalia, vyote.

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Miezi mitatu iliyopita aliingia yule bwana wa koti la kahawia. Wewe mama ndiye uliyemtandikia kitambaa siku ya kwanza, ukaniambia mteja huyu ananitia baridi. Anakuja kila Jumamosi, anakaa kwenye kiti changu, anainua kidevu na kuniuliza kabla sijagusa povu, "Mzee, leo umenoa kwa jiwe gani?" Nami nasema, jeusi. Ananyolewa, anainuka, anakwenda. Wiki ya kwanza nilidhani anajua ufundi. Wiki ya pili nilimtazama taya nikalitambua. Ni mtoto wa fundi saa, yule aliyekuwa tumboni. Wiki kumi ameniuliza, wiki kumi nimejibu neno lilelile nililomjibu kaka, kisha nikampaka povu nikiogopa nitamkata na yeye.

Wiki ya kumi na moja alitoa kitambaa cheupe mfukoni. Ndani ulikuwa wembe wa kaka. Akatoa na ile lenzi ya mafundi saa, akanishika kichwa taratibu, kama anavyoshikwa mtoto, akaniwekea lenzi jichoni. Nikaliona pengo, na mkwaruzo uliotoka kwenye pengo mpaka juu ya chuma, mstari mmoja mnyoofu. Akasema, "Nilimtafuta kaka yako miaka mingi. Nilikwenda nikiwa na ubaya moyoni. Nikamkuta anakufa. Hakukulaumu kwa neno lolote, alinipa wembe huu, akaniambia tu, kamuulize ndugu yangu alinoa kwa jiwe gani."

Nikamwambia. La kijivu. Nilijua na nikanoa.

Hakunigusa. Nilikuwa nimemnyoa shavu moja, jingine bado lina povu. Akalifuta kwa kiganja, akavaa koti, akauacha wembe kwenye droo. Akasema, "Unoe huu. Jumamosi nitakuja mimi nikunyoe wewe." Akatoka hivyo, uso nusu, mchana kweupe, watu wanamgeukia. Kuanzia hapo ndipo nilipolala kitandani hapa, na daktari haoni ugonjwa.

Jumamosi ndiyo leo. Tulia, Chapuchapu! Nimekuambia usinikatize. Nyundo uliyoificha nyuma ya mlango nimeiona, kairudishe jikoni. Hakuna atakayemgusa mtu huyu. Hakuna atakayemuuliza amekuja kufanya nini. Mimi mwenyewe sijui, na sitaki kujua kabla yake.

Fanyeni hivi. Chukueni wembe ule sasa, hapa hapa nikiwaona. Chapuchapu, upande mwekundu wa jiwe lako, ondoa pengo. Taratibu, mara moja maishani mwako fanya kitu taratibu, mpaka makali yanyooke kutoka ncha hadi kisigino. Usifike upande mweupe. Mpe dada yako. Mama, malizia kwa cheusi, kisha mkanda wa ngozi. Ujaribu kwenye unywele. Ukikata bila kelele umekwisha. Nataka ashike wembe ulionolewa sawasawa, chochote atakachoutumia, asije akasema watoto wangu nao walimpa chuma chenye hila.

Eeh. Hivyo. Nasikia. Haulii.

Nikishaondoka, kwa njia yoyote nitakayoondoka, fungueni duka asubuhi benchi likiwa limejaa, na mseme kwa sauti, wote wasikie, kwamba mkono wa baba yenu mkubwa ulikuwa safi na wa baba yenu ndio mchafu. Msiseme alikosea. Semeni alijua. Kisha mtafuteni mjane wa kaka yangu mkamwambie vilevile, na kama atawafungia mlango, kaeni nje mpaka jioni, mrudi kesho. Kopo la bati mpeni huyu bwana, na ufunguo wake. Akilivunja, akilizika, ni lake. Na nyinyi wawili... msinuniane juu ya mawe. Mmoja wenu atakapokuwa na kiti kitupu... mwenzake amwite. Amwambie njoo, nisaidie huyu.

Sauti... sogea, mama.

Nawabariki. Mikono yenu itulie. Mungu awape usingizi, mimi sikuupata. Mtu akiwauliza swali dogo... mjibuni kweli siku hiyohiyo, kabla halijakua.

Huyo. Ndiye anayebisha. Fungua, Chapuchapu... na umpe shikamoo kama ulivyofundishwa. Mama, mto huo toa. Kichwa changu kirudishe nyuma... zaidi kidogo. Kitambaa. Usilie juu yangu, povu halitashika. Mwachieni nafasi, apite upande wenye mwanga.

Karibu, mwanangu. Wembe uko tayari... Wamenoa wao.